Msinunue DNase kwa Kuhesabu Yuniti

Vimeng'enya vingi vilivyo kwenye friza yetu vina kazi ya kujenga. Kuna kinachonakili, kuna kinachounganisha, kuna kinachorefusha. Kimoja tu hakijengi chochote. Kazi yake ni kuikata DNA vipande vidogo mpaka isibaki ya kunakiliwa, na hicho ndicho ninachokiagiza kwa uangalifu kuliko vyote. Kinaitwa DNase I. Tunachotumia sisi ni cha binadamu, kilichotengenezwa kwa uhandisi wa jeni, na kila bajeti ikifika mezani swali ni lilelile: mbona tununue hiki cha bei wakati cha ng'ombe kina yuniti nyingi zaidi kwa pesa kidogo?

Mhasibu akiuliza hivyo simlaumu, kazi yake ni kuuliza. Wanaonishangaza ni watafiti wenzangu. Kwa hiyo nimeamua kuliandika jibu mahali pamoja, nipumzike kulirudia kwenye korido.

Nianze na kazi yenyewe. Maabara yetu iko upande huu wa Kisumu, na tunachofuatilia ni malaria ya watu wasioumwa. Aliyekulia kando ya Ziwa, kuanzia Ahero mpaka Usenge, hahitaji kufundishwa kwamba mtu anaweza kuwa na vimelea damuni na bado akaamka alfajiri akaenda shambani. Plasmodium falciparum huzaliana ndani ya chembe nyekundu za damu, na kule kuzaliana ndiko kunakoleta homa. Lakini vimelea vichache hubadili njia. Vinageuka kuwa gametosaiti, za kiume na za kike, ambazo hukomaa kwa siku 10 hadi 12 hivi, kisha huzunguka damuni zikimngoja mbu. Mwenye kuzibeba hasikii lolote. Ni yeye anayelala chini ya paa moja na watoto, na ni kutoka kwake mbu wanachukua.

Darubini hukosa nyingi ya gametosaiti hizi kwa sababu huwa chache mno. Ndipo tunapoitafuta RNA, ile nakala ambayo seli huitoa kwenye jeni inapoitumia. Gametosaiti ya kike iliyokomaa hutoa kwa wingi RNA ya jeni iitwayo Pfs25, na vimelea vya homa havitoi kwa kiwango kama hicho. Ukiikuta RNA hiyo kwenye sampuli, una sababu ya kusema mtu huyu anaweza kumwambukiza mbu. Tunaigeuza RNA kuwa DNA, tunaizidisha kwa PCR, yaani mbinu ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi mno, tunasoma mwangaza unavyopanda kwenye skrini.

Tatizo liko wapi? Jeni ya Pfs25 yenyewe, ile ya DNA, imo ndani ya kila kimelea bila kubagua. Kimelea cha homa kinayo. Kilichoingia jana kwenye chembe ya damu kinayo. PCR haijui kama DNA iliyo mbele yake imetokana na RNA tuliyoigeuza sisi au ilikuwapo tangu damu ilipotolewa kidoleni. Inazidisha tu. Mtoto mwenye homa anaweza kuwa na maelfu ya vimelea katika kila maikrolita moja ya damu na asiwe na gametosaiti hata moja, na bado mashine ikamtangaza kuwa chanzo kikubwa cha maambukizi.

Kwa jeni nyingine kuna ujanja wa kukwepa hilo. Jeni nyingi za viumbe kama sisi, na za kimelea hiki pia, zina sehemu za katikati zinazokatwa na kutupwa wakati RNA inaandaliwa. Sehemu hizo ni introni. Ukichagua praima, vile vipande vifupi vya DNA vinavyoionyesha PCR pa kuanzia, zinazokaa juu ya kiungo kilichobaki baada ya introni kuondolewa, DNA ya asili haitazidishwa, au itatoa kipande kirefu utakachokitambua. Pfs25 haina introni. RNA yake na DNA yake zinasomeka sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Katika kimelea chenye zaidi ya jeni 5,000 na herufi karibu milioni 23, tunayoitegemea sisi ndiyo imetunyima mlango wa nyuma.

Basi inabaki njia moja, nayo ni kuiharibu DNA yote kabla ya kuanza.

Kimeng'enya chenyewe ni protini ya asidi amino 260. Hukaa kwenye mfereji mwembamba wa ile ngazi iliyosokotwa na kuukata uti wa uzi mmoja. Kikiwa na magnesiamu hukata uzi mmoja hapa, mwingine kule, kila mmoja kivyake, hadi ngazi nzima inaporomoka. Ukikipa manganizi mahali pa magnesiamu hukata nyuzi zote mbili karibu sehemu moja. Kalsiamu nayo hukisaidia kushika umbo lake. Kikinyimwa madini haya hakifanyi kazi, na ndiyo sababu huwezi kukimimina moja kwa moja kwenye damu ya kichupa chenye kifuniko cha zambarau. Kichupa kile kina EDTA, inayozuia damu isigande kwa kuinyakua kalsiamu, na ikimaliza hapo huinyakua magnesiamu pia. Damu ya kutafutia RNA huwekwa kwenye kimiminika chake maalumu papo hapo kijijini, kabla pikipiki haijawashwa kurudi mjini.

Kwenye karatasi kazi ni rahisi. RNA iliyosafishwa, bafa (kimiminika chenye madini na pH inayofaa), DNase kidogo, subiri, zima. Ugumu uko kwenye kusubiri na kuzima.

Miongozo mingi husema subiri dakika 15 kwenye joto la chumba, usizidishe muda wala joto. Chumba cha nani? Wanaoandika miongozo hii wanamaanisha nyuzi 20 hadi 25. Kisumu, mchana wa Februari, stima imepotea na kiyoyozi kimelala nayo, meza ya maabara inafika 30 bila kuombwa. Onyo lile halikuwekwa kwa mapambo. RNA ikikaa kwenye joto pamoja na magnesiamu huanza kukatika yenyewe, bila kimeng'enya chochote kuhusika. Kwa hiyo tunaacha kabisa kutegemea chumba, tunatumia kifaa cha kupashia mirija joto chenye kipimo, na mirija inatoka kwenye barafu kwenda humo na kurudi kwenye barafu.

Kuzima ni vivyo hivyo. DNase I huzimwa kwa joto, nyuzi 65 au zaidi kidogo, dakika 10. Ukichoma mrija wakati magnesiamu bado iko huru, umechoma na RNA yako. Lazima EDTA itangulie, inyakue magnesiamu, ndipo mrija uwekwe kwenye joto. Halafu EDTA ileile inaingia pamoja na sampuli kwenye hatua inayofuata, ambapo kimeng'enya cha kuigeuza RNA kuwa DNA nacho kinahitaji magnesiamu. Ukizidisha EDTA, umekiwekea njaa. EDTA hushika ioni moja kwa molekuli moja, hivyo hesabu ni nyepesi, ila lazima ifanywe, na ifanywe kwa kalamu. Nimeona sampuli nzuri za kijiji kizima zikisomwa kuwa hazina gametosaiti wakati kilichokosekana ni magnesiamu.

Jambo dogo lakini linalosahaulika: usikitikise kwenye mashine. DNase I hupoteza nguvu kwa mtikiso wa nguvu. Geuza mrija kwa mkono, taratibu, mara chache.

Utajuaje kwamba DNA imekwisha? Kila sampuli inawekewa mrija wa pili wenye kila kitu isipokuwa kile kimeng'enya cha kugeuza RNA. Bila hicho, RNA haiwezi kuonekana na PCR. Kwa hiyo mrija huo ukipandisha mwangaza, kilichopanda ni DNA iliyobaki, na jibu la mrija wa kwanza halina thamani. Mrija huu unakula nusu ya vifaa, na ndio wa kwanza kukatwa mtu akitaka kupunguza gharama. Nikipewa ripoti ya Pfs25 isiyoutaja, naifunga.

Sasa turudi kwa ng'ombe.

Aliyetupa fuwele za DNase I kwa mara ya kwanza ni Moses Kunitz, mzaliwa wa Milki ya Urusi aliyehamia Marekani na kufanya kazi kwenye Rockefeller Institute. Mwaka 1950 alichapisha maelezo kamili ya namna ya kuitoa kwenye kongosho la ng'ombe na kuifanya fuwele. Miaka 10 nyuma, mwaka 1940, mtu huyohuyo alikuwa amechapisha namna ya kupata fuwele za kimeng'enya kingine, RNase, kinachokata RNA. Kutoka kiungo gani? Kongosho la ng'ombe.

Hapo ndipo hadithi nzima ilipo. Ng'ombe hula majani, majani huvunjwa na vijidudu vya tumboni, na vijidudu hivyo vinapofika kwenye utumbo vinakuja na RNA tele inayohitaji kusagwa. Kongosho la ng'ombe limejaa RNase kwa sababu hiyo. Ukilisaga ili upate DNase, RNase inakuja nayo. Ni sawa na kumtuma mtoto sukari kwa jirani akarudi nayo ikiwa na sisimizi: unaweza kuwachambua, lakini nani atakuapia kwamba wamekwisha?

Na RNase si mgeni wa kufukuzwa kwa urahisi. Haitegemei madini, kwa hiyo EDTA haiisumbui. Ukiichemsha inafunguka, ukiipoza inajikunja tena na kuendelea na kazi yake. Tabia hiyo ya kujikunja upya ndiyo Christian Anfinsen aliyoifanyia kazi hadi akapata sehemu ya Nobeli ya Kemia mwaka 1972, akionyesha kwamba mpangilio wa asidi amino peke yake unatosha kuiambia protini ichukue umbo gani. Ni sayansi tamu sana ukiwa darasani. Ukiwa umeshika mrija wenye RNA ya gametosaiti chache kutoka kwa mtu mmoja wa Asembo, ni balaa, maana hatua ile ya nyuzi 65 inaizima DNase na kuiacha RNase ikicheka.

Fikirieni matokeo yake. DNase dhaifu huacha DNA, na mrija wa pili unakuambia. DNase yenye RNase inakula RNA, na mrija wa pili unabaki mtulivu kabisa, kila kitu kinaonekana safi. Unachopata ni namba ndogo. Unaandika kwamba watu wa kijiji hiki hawana gametosaiti nyingi, na hakuna kengele iliyolia. Kosa la kwanza hupiga kelele. La pili ni kimya, na kwenye kazi yetu ni la hatari zaidi kwa kuwa linafanana na habari njema.

Ndiyo maana napinga kununua kwa kuhesabu yuniti. Yuniti zinapima nguvu peke yake. Yuniti ya Kunitz ilipatikana kwa kutumia DNA ya tezi ya thaimasi ya ndama: DNA ikikatika hufyonza zaidi mwanga wa urujuanimno wa nanomita 260, na yuniti moja ni kile kiasi kinachoongeza ufyonzaji huo kwa 0.001 kwa dakika kwa mililita, kwenye nyuzi 25 na pH 5.0. Watengenezaji wengine wanahesabu kivingine kabisa, kwamba yuniti moja ni kiasi cha kumaliza maikrogramu moja ya DNA ya plasmidi (pete ndogo za DNA za bakteria) kwa dakika 10 kwenye nyuzi 37, na kwa baadhi yao yuniti hiyo ni kama thuluthi moja tu ya yuniti ya Kunitz. Kwa hiyo hata ile hesabu ya bei gawanya kwa yuniti, inayopigwa kwenye mkutano kwa kujiamini sana, mara nyingi inalinganisha vitu viwili tofauti. Na hakuna hata yuniti moja kati ya hizo inayokuambia kuhusu RNase. Hilo limeandikwa kwenye cheti cha shehena, kwa herufi ndogo, na cheti hakisomwi na kamati ya ununuzi.

Niwe mkweli kwa ng'ombe pia: kwa nguvu peke yake, DNase I yake inaishinda ya binadamu. Zinafanana kwa zaidi ya robo tatu ya asidi amino, ila ya kwetu ni mvivu. Watafiti wa Genentech, kampuni ya dawa ya Marekani, waliwahi kuiboresha ya binadamu kwa kuongeza asidi amino zenye chaji chanya pale inapogusana na DNA, kwa kuwa DNA ina chaji hasi na hizo huvutana nayo. Ilifanya kazi. Pia zipo DNase za ng'ombe zilizosafishwa vizuri mno, na zipo zilizotengenezwa kwa kuchukua jeni ya ng'ombe na kuiweka ndani ya chachu bila kumgusa ng'ombe mwenyewe. Mtu akitumia hizo na cheti chake kikawa safi, sina neno. Ugomvi wangu ni na kongosho lililosagwa, siyo na mifugo.

Hiki cha binadamu nacho kinatoka wapi? Swali hili niliulizwa vizuri zaidi na mama mkwe wangu kuliko na mtu yeyote mwenye digrii. Tulikuwa kwake, namsaidia kuchagua omena, akataka kujua siku hizi nafanya nini mjini. Nikamweleza kwa kadiri nilivyoweza.

"Nyar Ugenya," akasema, "hicho cha mtu mnakitoa wapi? Kwa maiti?"

"Hapana, Mama. Hakuna mtu anayeguswa."

"Sasa kitakuwaje cha mtu?"

Nikamwambia kwamba maelezo ya kukitengeneza yako kwenye kromosomu ya 16 ya kila mmoja wetu, kwamba yalinakiliwa na kuingizwa kwenye seli za mnyama mdogo wa jamii ya panya, na seli hizo zinafugwa kwenye matangi na kukitoa nje kwenye maji yanayozizunguka.

"Kumbe ni cha panya."

"Seli ni za panya, Mama. Kimeng'enya chenyewe ni kilekile kilicho kwenye mate yako."

Akatema pembeni. Mpaka leo sijui kama alichukizwa au alitaka kukiona.

Seli hizo ni za ovari ya hamsta wa Kichina, zilizoanza kufugwa maabara moja ya Marekani mwaka 1957 na sasa zinatengeneza sehemu kubwa ya dawa za protini duniani. Chachu pia hutumika. Bakteria E. coli, mfanyakazi wa bei nafuu kuliko wote, si chaguo zuri hapa, na sababu yake inafurahisha: ukimpa bakteria jeni ya kutengeneza kikata DNA, kimeng'enya kikikamilika ndani yake kinaikata DNA ya bakteria mwenyewe. Seli za hamsta na chachu zinakitoa nje kabla hakijaleta madhara. Na kwa kuwa kinatoka nje kwenye kimiminika ambacho hakina juisi za kumeng'enya chakula, unaanza kusafisha ukiwa tayari mbele. Sisemi hakuna RNase kabisa, seli yoyote hai inazo. Nasema huanzii kwenye kiungo ambacho kazi yake ya kila siku ni kuzimwaga.

Hili la kile kinachosindikiza kimeng'enya halikuanzia kwetu. Makohozi ya wagonjwa wa sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaoziba mapafu, huwa mazito kwa sababu ya DNA ya chembe nyeupe zilizokufa humo. Miaka ya 1950 wagonjwa wa mapafu walivutishwa DNase ya ng'ombe. Makohozi yalilegea kweli, lakini baadhi yao walipata madhara mabaya, na lawama ikaenda kwa protini ngeni na kwa vimeng'enya vya kusaga protini vilivyobaki ndani ya dawa. Njia ile ikaachwa. Mwaka 1990 Steven Shak na wenzake wa Genentech wakachapisha namna walivyoipata jeni ya binadamu na kuonyesha kwamba kimeng'enya chake kinayalegeza makohozi hayo, na mwishoni mwa mwaka 1993 dawa ikaidhinishwa Marekani kwa jina Pulmozyme. Kimeng'enya cha kazi ileile, kwa ugonjwa uleule. Kilichobadilika ni asili yake na kile kilichokuja nacho.

Kuna wanaokitumia kwa kazi nyingine kabisa na hao sitawalazimisha wanifuate. Anayetenganisha seli kutoka kwenye kipande cha nyama ya ini au wengu anajua balaa la DNA ya seli zilizopasuka: inakuwa utelezi, seli zinashikana madonge. DNase inaondoa utelezi huo, na hapo cha ng'ombe cha kawaida kinatosha kabisa, hakuna RNA ya kulinda. Ila ajue jambo moja. Seli zilizopasuka humwaga pia aktini, protini ya mifupa ya ndani ya seli, na aktini huikumbatia DNase I na kuizima. Zinakumbatiana kwa nguvu kiasi kwamba umbo la aktini lenyewe lilipopatikana mara ya kwanza kwa miali ya eksirei, mwaka 1990, lilipatikana ikiwa imeshikana na DNase I. Kama tishu yako imeharibika sana, ongeza kimeng'enya. Au tafuta kile kilichobadilishwa asidi amino ili aktini isikishike, nacho kipo.

Tuongee kidogo kuhusu safari ya kitu hiki mpaka hapa, maana bei ya kwenye tovuti haina uhusiano na bei ya Kisumu. Kinapita Nairobi kwa wakala, kinapanda ndege au gari la usiku, na barafu yake inahesabu masaa. Kanuni yangu ni agizo lisilofika Ijumaa. Lililofika Ijumaa jioni litalala mapokezi hadi Jumatatu, na askari wa zamu hawezi kulaumiwa kwa kutojua kwamba sanduku la maboksi ya povu si la keki. Kwa bahati nzuri kimeng'enya chenyewe kimewekwa kwenye gliseroli, nusu kwa nusu, hivyo hakigandi hata kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, na stima ikipotea masaa machache wakati wa ngurumo za Aprili hakifi. Kufungua friza kila dakika kuangalia kama kimekufa ndiko kunakokiua.

Kila shehena mpya, hata ya mtengenezaji tuliyemzoea, haigusi sampuli ya mtu kabla ya kupimwa. Tunachukua RNA safi ambayo hatuihitaji, tunaigawa mirija miwili yenye bafa ileile, mmoja tunautia kimeng'enya na mwingine hatuutii, na tunaiacha kwenye joto muda mrefu kuliko tutakavyofanya kwenye kazi. Kisha tunaipitisha kwenye jeli, inayotenganisha vipande kwa urefu wake. Mistari miwili mikubwa ya RNA ya ribosomu lazima ibaki imekaza kwenye mirija yote miwili. Ikichakaa kwenye mirija yote, ni joto na magnesiamu, si kosa la kimeng'enya. Ikichakaa kwenye wenye kimeng'enya peke yake, shehena inarudi. Ule mrija usio na kimeng'enya ndio unaotuzuia kumwandikia mtu barua ya matusi bila sababu.

Mwanafunzi mmoja aliye kwetu kwa atachimenti, mwepesi wa kufikiri na mgumu wa kunyamaza, amenishika juu ya jambo hili wiki nzima.

"Madam, jeni inajulikana. Chachu tunayo. Mbona tusikitengeneze hapahapa?"

Swali lake ni zuri na sikutaka kulizima. Jeni inaweza kuagizwa ikiwa imeandikwa kiwandani, haihitaji damu ya mtu yeyote. Chachu aina ya Pichia inafugika, haitaki anasa, na inatoa protini nje. Protini yenyewe ina viungo viwili vya salfa vinavyohitaji kufungwa sawasawa na sehemu mbili zinazovalishwa sukari, na chachu inaweza yote hayo, ingawa sukari zake si sawa na za binadamu. Kwa dawa ya kuvuta hilo ni tatizo. Kwa mrija wa maabara si neno. Sioni kwa nini Maseno, Kakamega au Njoro pasiwe na tangi dogo la kazi hii, lenye kuhudumia maabara zote za ukanda huu zinazosubiri ndege.

Lakini nilimuuliza atakapokuwa na chupa yake ya kwanza, nani ataamini kwamba haina RNase, yeye ataonyesha nini, na shehena ya pili itafanana vipi na ya kwanza. Kusafisha ndiko kutakakokula pesa, na kupima ndiko kutakakokula muda. Kuikuza chachu ni kazi ya mwisho wa wiki.

Amesema ataanza kwa kuagiza jeni. Nimemwambia aanze na kipimo cha jeli, akirudie kwa shehena zetu zote zilizobaki kwenye friza, za ng'ombe na za binadamu, mpaka mikono yake itoe jibu moja kila mara. Rafu ya vimeng'enya nimemfungulia leo asubuhi.